Kompyuta Ndogo ya Mezani kwa Matumizi ya Nyumbani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kazi za kompyuta ya nyumbani zinajulikana: kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa, barua, kazi za shule, kuchapisha, kuhifadhi picha za simu, na jioni video. Kwa kazi hizo, kasha kubwa la chini ya meza linakula nafasi na umeme bure. Kikasha cha ukubwa wa kitabu kinatosha, mradi kiwe na prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote) ya miaka ya karibuni, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 16, GB 8 ikiwa ndiyo mwisho wa kushuka, SSD (hifadhi ya kisasa isiyozunguka) ya kuanzia GB 256, na matundu yanayolingana na monita uliyonayo.

Kinachowaponza wanunuzi wengi ni jina la prosesa. Mtu anaona “Core i7” anatulia, haangalii tarakimu zinazofuata. Kumbe i7-6700T inashindwa na i5-8500T, tena Windows 11 haiitambui rasmi. Kwenye prosesa za Intel za mtindo huo, tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ndiyo kizazi: 8500 ni kizazi cha 8. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: 12500 ni kizazi cha 12. Herufi T mwishoni ina maana prosesa imewekewa wati 35, ndiyo maana inaingia kwenye kasha jembamba bila kuungua. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache sana, au AMD Ryzen nyingi za kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ya kizazi cha 6 au cha 7, hata iwe rahisi kiasi gani, inunue tu kama utaweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

1. Mashine ya ofisi ya mtumba, ya lita moja

Hii, yenye kasha la ujazo wa lita moja hivi, ndiyo chaguo letu la kwanza kwa nyumba nyingi. Majina ya kutafuta ni matatu: Lenovo ThinkCentre za aina ya Tiny (kama M720q na M920q), Dell OptiPlex Micro (3060, 5060, 7060) na HP EliteDesk au ProDesk Mini za G4. Zote zina takriban sentimita 18 kwa 18, unene kama sentimita 3.5. Zilitengenezwa kuwashwa kutwa nzima ofisini, zinafunguka kwa skrubu moja au chache, na karibu kila kitu ndani kinabadilishika: nafasi mbili za RAM aina ya DDR4 ya laptopu, nafasi ya SSD ya M.2 (umbo la kadi nyembamba), na mara nyingi nafasi ya diski ya inchi 2.5 juu yake. Chukua yenye i5-8500T au inayokaribiana nayo. Prosesa hiyo ina viini 6, na mashine ikiwa imewashwa bila kazi inakula wati 10 hivi.

Mtumba una mitego yake, na mingi inaonekana kabla hujalipa kama unajua pa kutazama.

Anza na adapta. Lenovo inatumia volti 20 na plagi ya mstatili. Dell na HP volti 19.5 na plagi ya duara yenye pini katikati. Pini hiyo huiambia mashine adapta ni ya wati ngapi. Ukichomeka adapta ya kuigiza ambayo haijitambulishi, Dell itawaka na kutoa onyo, kisha prosesa ibaki chini ya GHz 1 siku nzima. Mwenye mashine atalaumu Windows, atalaumu virusi, ataongeza hata RAM, na tatizo liko kwenye waya. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, cheza video, utazame kasi ya prosesa: ikiwa haipandi, badilisha adapta kwanza.

Ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayotangulia Windows, kwa kubonyeza kitufe mashine inapowaka: F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, achana nayo; kwenye mashine za ofisi nywila hiyo haitoki kwa kung'oa betri ndogo. Kisha rudisha Windows kwenye hali ya mwanzo (reset) huku imeunganishwa na intaneti. Ukikaribishwa kwa jina la kampuni na kuombwa barua pepe ya kazi, mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na kila utakapoweka Windows upya itakurudisha hapo hapo.

Wi-Fi usiidhanie. Ofisi nyingi zilitumia waya wa mtandao, kwa hiyo mashine nyingi hazikuwekewa kadi wala antena. Kadi ya M.2 kama Intel AX200 au AX210 inaingia, lakini bila antena zake mbili haitashika hata chumba cha pili. Vidude vya Wi-Fi vya USB ni vya kusukumia siku tu.

Monita nayo. Nyingi ya mashine hizi zina matundu ya DisplayPort, na HDMI haipo kwenye zote. Kebo ya bei nafuu ya DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi upande huo mmoja tu: kompyuta upande wa DisplayPort, skrini upande wa HDMI. Ukiwa na skrini ya 4K, tumia DisplayPort, kwa sababu HDMI ya zamani ya 1.4 inaishia picha 30 kwa sekunde na utaona mshale wa kipanya ukiburuzika.

Hali ya SSD ipime kwa CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Ikionyesha chini ya asilimia 80, au ikiwa mashine ina diski ya kuzunguka badala ya SSD, hesabu gharama ya SSD mpya ndani ya bei. Saa ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imekwisha. Saa ikikosea miaka, kivinjari kitakataa tovuti nyingi kikidai si salama. Betri hiyo ni ya kubadilisha kwa dakika chache. Feni ikinguruma hata bila kazi, puliza vumbi kwenye mapezi ya shaba au alumini, ufute grisi ya joto iliyokauka na kupaka mpya ya ukubwa wa punje ya harage dogo.

Udhaifu wake wa kweli ni mmoja: kizazi cha 8 hakina sehemu ya kufungua video za AV1 (mtindo mpya wa kubana video za mtandaoni), hivyo kazi hiyo inaangukia viini vya prosesa. Video ya kawaida ya 1080p haitakwama. Kwa 4K utasikia feni.

2. Mac mini yenye M4

Ukiwa na uwezo wa kununua mpya, na hufungwi na programu ya Windows, hii ya Apple yenye chipu yake ya M4 ndiyo mashine tulivu na yenye kasi kuliko zote humu. Toleo la Novemba 2024 lina sentimita 12.7 kwa 12.7, kimo sentimita 5, linaanzia RAM ya GB 16, na adapta yake iko ndani, kwa hiyo hakuna tofali linaloning'inia nyuma ya meza. Ikiwa imepumzika inakula wati chache tu.

Tatizo ni kwamba unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. RAM haiongezeki kabisa. Hifadhi ya GB 256 inajaa haraka picha zikianza kumiminika kutoka simuni, na Apple hutoza sana kwa hifadhi kubwa. Dawa ni kununua ile ya msingi, kisha kuweka picha na video kwenye SSD ya nje ya USB-C. Hakuna tundu la USB la kawaida lenye umbo bapa, kwa hiyo printa na kibodi za zamani zinahitaji kigeuzi. Kitufe cha kuwashia kiko chini, kwenye kona ya nyuma. Ajabu, lakini utazoea.

Ya mtumba yenye M1 ya mwaka 2020 bado ni nzuri, hasa ile ya GB 16. Mac mini zenye Intel ziache: macOS Tahoe ya 2025 haiziungi mkono. Na mashine yenye Activation Lock (kufuli la akaunti ya Apple) ya mtu mwingine ni jiwe tu, hata ingeng'aa vipi.

3. Vikasha vipya vya Ryzen

Beelink, Minisforum, GMKtec na wenzao wanauza vikasha vyenye prosesa za laptopu. Hivi ni vya nyumba yenye mtu anayehariri video au mtoto anayecheza michezo ya wastani. Radeon 780M, sehemu ya michoro iliyomo ndani ya Ryzen 7 7840HS na 8845HS, inacheza michezo mingi ya 1080p kwa mipangilio ya chini au ya kati. Hakikisha kuna vipande viwili vya RAM, si kimoja. Michoro hutumia RAM hiyo hiyo, na kipande kimoja kinafunga nusu ya njia.

Majina ya AMD yanahitaji macho. Kwenye mfululizo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli: 7520U ni Zen 2, muundo wa 2019, 7840HS ni Zen 4. Kwa kazi za kawaida, prosesa yenye herufi U ya wati 15 inatosha na ina kelele kidogo kuliko HS. Ukishanunua HS na feni inalia, tafuta kwenye BIOS mpangilio wa utulivu. Kasi itapungua kidogo sana, kelele itapungua nyingi.

Unachonunua kwa chapa hizi ni vifaa, si huduma. Waranti mara nyingi ina maana ya kurudisha mzigo nchi ya mbali. Windows iliyowekwa humo usiiamini pia. Mwaka 2024 vikasha vya chapa moja viligunduliwa vimetoka na programu hasidi. Weka Windows safi kwa zana ya Microsoft na flashi ya GB 8. Kabla ya hapo, andika slmgr /dli kwenye dirisha la amri: ikionyesha neno VOLUME, leseni hiyo ni ya makampuni, si yako, na muuzaji ana haki ya kuulizwa.

4. N100 na N150

Prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023 ina viini 4 na wati 6 tu. Kwa TV, kwa mzee anayesoma habari na kupiga simu za video, au kwa mtoto wa darasa la kwanza, inatosha, na inafungua AV1 bila jasho, jambo ambalo mashine ya ofisi hapo juu haiwezi. Nyingi zinatumia adapta ya volti 12, kwa hiyo UPS ndogo ya volti 12, ya aina inayowekwa kwenye ruta, inaweza kuibeba umeme ukikatika. Soma kwanza ampea zilizoandikwa kwenye adapta na uhakikishe UPS inazifikia.

Mipaka yake inaonekana ukiwa na simu ya video, kurasa ishirini na jedwali kubwa kwa pamoja. RAM ina njia moja tu na kwenye baadhi ya vikasha imechomelewa, hivyo chukua GB 16 tangu mwanzo. Nafasi ya pili ya M.2, ikiwepo, huenda inapokea SSD za aina ya zamani ya SATA pekee. SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi, itaingia vizuri na isionekane kabisa. N95 ni ndugu yake anayetoa joto zaidi. N150 imeongezewa kasi kidogo, isiyostahili kulipia pengo kubwa la bei.

5. Raspberry Pi 5

Tunaiweka mwisho si kwa ubaya wake. Bei ya kompyuta hii ya ubao mmoja inavutia, kisha unaanza kuongeza: adapta ya volti 5 ampea 5 (chaja ya ampea 3 inaibana USB hadi milliampea 600, na diski ya nje inazimika katikati ya kazi), feni, kasha, kebo za micro HDMI, SSD na ubao wake wa kuibeba. Ukijumlisha umeshafika kwenye N100, na bado huna Windows wala tundu la spika za kawaida. Ni ya anayetaka kujifunza Linux na saketi.

Zisizostahili pesa

Vikasha vya prosesa za Celeron N4000, N4020 na J4125 zenye hifadhi ya eMMC ya GB 64: Windows 11 inakula zaidi ya GB 20 peke yake, masasisho yanakosa nafasi, na eMMC ni polepole tena imechomelewa. Kompyuta za umbo la flashi zina matatizo hayo hayo pamoja na joto. Chromebox, kikasha cha mfumo wa Google wa ChromeOS, si mbaya, lakini angalia tarehe yake ya mwisho wa masasisho. Inahesabiwa tangu muundo ulipotoka, si tangu siku uliyolipa.

Ukishaileta nyumbani

Kumbuka kikasha hakina kamera wala maikrofoni, na wakati mwingine hata spika. Kikikaa wima au kikifungwa nyuma ya monita kwa bamba la VESA, acha sentimita kadhaa upande wa feni. Kwenye BIOS tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi: uchague kubaki imezimwa, ili mashine isiwashwe na kuzimwa mara tatu umeme unapochezacheza.

Na kipanya kisicho na waya kikianza kurukaruka baada ya kuchomeka diski ya nje, usitupe kipanya. USB 3 inatoa kelele ya redio kwenye GHz 2.4, masafa yale yale ya kipanya, na kwenye kikasha kidogo matundu yamebanana. Hamishia kipokezi cha kipanya upande wa mbele, au kitoe nje kwa kebo ya USB ya nusu mita.