Kung'olewa gego la chini: huduma niliyopata kliniki na mambo ya kutarajia

Nawapa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuibana ile moja nitaieleza huko chini. Kwa mwenye haraka: kung'oa jino kwa daktari anayesubiri ganzi ishike sawasawa hakuumi. Kunachosha taya na kunatisha masikio, ila hakuumi. Maumivu huja baadaye ganzi ikiisha, na hapo ndipo kliniki hii ilipolegea kidogo.

Jino langu lilikuwa gego la chini, limeoza na ukuta wake mmoja umeshaanguka. Nilifurahi kwamba daktari hakukimbilia koleo. Alipiga picha ya eksirei, akanigeuzia skrini, akanionyesha jinsi uozo ulivyoteremka chini ya ufizi hadi kwenye mzizi, kwa hiyo hata kama angeziba, hakukuwa na kitu kizima cha kushikilia hicho kizibo. Kisha yakaja maswali: presha, kisukari, ujauzito, mzio wa dawa, dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, dawa za mifupa. Maswali haya yajibuni kwa ukweli wote. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aseme, daktari atajua namna ya kupanga. Dawa fulani za kuimarisha mifupa nazo huweza kuzuia taya kupona vizuri baada ya jino kutoka, ndiyo maana anauliza. Mwishoni akauliza kama nimekula. Kuleni kabla ya kwenda, maana mkitoka pale mdomo utakuwa umekufa ganzi na kutafuna hakutawezekana.

Sasa ganzi yenyewe, kwa sababu najua hii ndiyo inayowaweka watu nyumbani na jino bovu. Kwanza alikausha ufizi na kupaka dawa ya kufa ganzi juu juu. Kwa magego ya chini sindano huingia nyuma kabisa, karibu na pale taya mbili zinapokutana, ili ikamate mshipa wa fahamu unaohudumia upande mzima. Mchomo niliusikia, lakini dawa aliisukuma taratibu sana, na kuingia taratibu ndiko kunakopunguza maumivu. Moyo ulidunda kwa muda mfupi; akaniambia ni adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi na itatulia, na kweli ilitulia. Mdomo wa chini ukawa mzito, nusu ya ulimi nayo ikafuata.

Alisubiri. Hilo pekee linatosha kunirudisha pale. Akachukua chombo chenye ncha na kudunga ufizi kuzunguka jino, akiuliza kila mahali, "Hapa je, dada? Na hapa?" Upande wa ndani bado nilihisi ukali, akaongeza sindano nyingine bila kunung'unika. Alinieleza kuwa penye usaha au uvimbe ganzi hushika kwa shida, kwa hiyo si kwamba mgonjwa ni mwoga. (Kwa jino la juu jiandaeni pia kwa sindano ya kwenye kaakaa. Nyama ya pale imebana, na inauma zaidi, ila ni ya muda mfupi.)

Kabla ya kuanza alisema, "Kusukumwa utakusikia, maumivu hapana. Ukisikia ukali wowote, inua mkono wa kushoto nisimame." Na ndivyo ilivyokuwa. Jino haling'olewi kwa kuvutwa juu kama watu wanavyodhani. Linashikwa na nyuzi ndogo ndani ya mfupa, hivyo huanza kulegezwa kwa chombo chembamba kinachopenya kati ya jino na mfupa, kisha koleo hulisukuma nje na ndani, nje na ndani, mpaka shimo lipanuke. Msaidizi alishikilia taya yangu kwa chini muda wote, la sivyo kiungo cha taya kingeuma kesho yake. Palitokea mlio wa kukatika uliojaa kichwani mwangu. Ulikuwa mzizi mmoja, ulikuwa umepinda. Alinijulisha papo hapo, akautoa peke yake, kisha akanionyesha jino na kipande kile ili nione hakuna kilichobaki. Wapo wanaonyamaza katika hatua hii; yeye hakunyamaza.

Nyota niliyoibana ni ya maelekezo. Niliambiwa kila kitu nikiwa nimeng'ata shashi, nimechoka, na mgonjwa mwingine ameshasimama mlangoni. Hakuna karatasi. Jambo zito kama hili halifai kuachiwa kumbukumbu ya mtu mwenye roho juu.

Kwa hiyo naliandika hapa. Damu inayoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha mfupa, ilindeni. Ng'ata shashi kwa nguvu kwa nusu saa hivi bila kuchungulia kila dakika. Mate ya rangi ya waridi siku ile si tatizo. Siku ya kwanza msisukutue, msiteme mate kwa nguvu, msinywe kwa mrija, msivute sigara. Kesho yake ndipo maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanaanza: shikilieni mdomoni, kisha yaacheni yadondoke yenyewe. Dawa ya maumivu imezwe kabla ganzi haijaisha, parasetamoli au ibuprofeni kama daktari ameiruhusu, lakini si aspirini, maana huendeleza damu. Jihadharini msijing'ate shavu wakati bado halihisi kitu. Uvimbe huweza kuongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kabla ya kushuka.

Cha kuogopa ni maumivu yaliyokuwa yanapungua kisha yakapanda ghafla siku ya tatu au ya nne, yakipiga hadi sikioni, na harufu mbaya mdomoni. Hapo damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi. Msikae nyumbani mkimeza vidonge. Rudini, shimo lioshwe na kuwekwa dawa. Homa, damu isiyokoma hata ukibana, au uvimbe unaofanya kumeza kuwe kugumu ni vya kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Antibiotiki hakunipa, na ndugu zangu walishangaa. Alisema chanzo cha usaha kimeshatoka, homa sina, basi hazihitajiki. Namheshimu kwa hilo. Nilipopiga simu jioni kuuliza juu ya kusukutua, alinijibu yeye mwenyewe, kwa utulivu ule ule. Ufizi wangu umejifunga vizuri, ingawa mfupa wa chini huchukua miezi kujaa, na tumeshaanza kuzungumza juu ya pengo, kwa kuwa meno jirani huelekea kulalia nafasi iliyo wazi.

Ningempeleka mama yangu pale bila wasiwasi, ila ningeingia naye hadi ndani, na kalamu, niyaandike maelekezo mimi.