GPC: sasa miji yetu miwili inahesabu moshi kwa lugha moja

Kazi yangu ni kukokotoa gesi joto za mji wetu, na mwaka wa tatu huu natumia GPC, mwongozo wa miji wa kuhesabu gesi hizo, uliotolewa 2014 na mashirika ya WRI, C40 na ICLEI. Naupenda kwa dhati. Zamani mimi na mwenzangu wa mji rafiki, ng'ambo ya mpaka, tulibishana bure: yeye alihesabu taka zinazozikwa nje ya mji wake, mimi sikuzihesabu. Sasa zina mahali pake, skopu (yaani kundi) ya 3, ya moshi unaotokea nje ya mipaka kwa sababu ya shughuli za mji. (Umeme wa gridi ni ya 2, moshi wa ndani ya mipaka ni ya 1.)

Ila kilichoniteka ni vifupisho. Usipokuwa na takwimu, huandiki sifuri. Unaandika NE, yaani haijakadiriwa, na kueleza kwa nini. Mwenzangu aliiona NE yangu kwenye mstari wa vyombo vya majini, na siku hiyohiyo akanitumia jinsi yeye alivyokadiria mafuta ya feri zao. Nilikaribia kulia.

Nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu BASIC, ngazi ya chini ya ripoti, haidai safari za ndege zinazoondoka mjini kwenda nje. Zinadaiwa tu ukipanda hadi ngazi ya juu, BASIC+.