Wiki tatu na DR DOS 6.0: uzoefu wangu

Mjomba alipokuwa anasafisha stoo yake aliniita nikachukue kompyuta aliyorudi nayo kutoka Uingereza mwaka 1993, alipomaliza kusomea uhasibu. Ni kompyuta ya prosesa ya 386SX, yenye memori ya megabaiti 4 na diski kuu ya megabaiti 40. Pembeni yake palikuwa na boksi la flopi za DR DOS 6.0, mfumo endeshi wa kompyuta za enzi hizo. Mimi nilitegemea kukuta MS-DOS, mfumo wa Microsoft wa aina hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo tuliyoisoma wote. Flopi moja ilikuwa imeota ukungu. Fundi aliisafisha taratibu, akaniambia nisiiweke ndani ya kompyuta kabla haijakauka vizuri. Ikasomeka.

Kilichonivuta kwanza ni memori. Waliotumia kompyuta za zamani wanajua adha ya kilobaiti 640: hata ukiwa na megabaiti 4, programu za DOS zinabanana kwenye hizo 640 za chini, na humo humo mfumo wenyewe nao unataka nafasi, kadhalika draiva, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa, za mausi na mtandao. Programu ya hesabu ya mjomba ilikuwa inakataa kufunguka kila nikiwasha mausi. Nikafungua SETUP, programu yake ya mipangilio, nikachagua kwenye menyu kwamba kiini cha mfumo kihamie juu ya megabaiti ya kwanza, na draiva ziingizwe kwenye mianya iliyopo kati ya kilobaiti 640 na 1024. Nikazima, nikawasha, nikaandika MEM, amri ya kuonyesha memori: zaidi ya kilobaiti 600 zimebaki wazi, na mausi ipo. Programu ikafunguka. Uwezo huu wa kukihamisha kiini ulikuwemo tayari kwenye DR DOS 5.0 ya mwaka 1990; watumiaji wa MS-DOS waliusubiri hadi toleo lao la 5.0, Juni 1991.

Pili ni heshima kwa mtumiaji. Andika amri yoyote ukifuatisha /? na mfumo unakueleza matumizi yake, huhitaji kupekua kitabu. Kuna EDITOR ya skrini nzima, unahifadhi na kutoka kwa Ctrl+K kisha X. Nimeipenda kuliko nilivyodhani, hata barua hii nilianza kuiandika humo. TaskMAX inakuwezesha kufungua programu kadhaa na kurukia moja hadi nyingine, ila ile uliyoiacha inasimama mpaka uirudie. SuperStor ya kubana diski sijaigusa, maana diski ya umri huu siiamini kiasi hicho.

Halafu kuna PASSWORD, na hapa mjomba mwenyewe alinishangaza. Kulikuwa na faili moja lililokataa kufunguka bila neno la siri. Nilimpigia simu, akaja jioni, akakaa mbele ya kibodi, akaandika jina la faili, akaweka nukta mkato, kisha jina la bibi yetu. Likafunguka: kodi ya chumba, nauli, mkate, Oktoba 1992. Unaweza kuzuia kusoma, kuandika au kufuta, faili kwa faili. Usiweke humo siri nzito, kwa sababu mtu akiwasha kompyuta kwa flopi ya mfumo mwingine kinga hiyo haimzuii. Lakini kwa kompyuta ya nyumba moja yenye watu watano, inatosha sana.

Nilipoanza kuulizia asili yake ndipo nikaelewa kwa nini ulitulia hivi. Waliouandika walikuwa Digital Research, kampuni ya Gary Kildall iliyoanzia Pacific Grove, California, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Hungerford, Uingereza. Kildall ndiye aliyetengeneza CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo, mwaka 1974. Zile A: na B:, amri ya DIR, majina ya faili ya herufi 8 na kiambishi cha 3, vyote vilipita kwenye CP/M kabla ya kufika kwenye MS-DOS. IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981, PC DOS ya Microsoft iliuzwa dola 40, na CP/M-86, yaani CP/M ya kompyuta hiyo, ilipokuja iliuzwa dola 240. Hebu fikiria mnunuzi angechagua nini. DR DOS, iliyoanza mwaka 1988 na toleo la 3.31, ilikuwa njia yao ya kurudi uwanjani: itumie programu zile zile, ila ifanye kazi vizuri zaidi.

Na walikuwa wanarudi kweli. Ndiyo maana habari ya Windows 3.1 ya Microsoft inaniuma. Kwenye toleo la majaribio kulifichwa kipande cha programu kilichopima kama DOS iliyo chini ni ya Microsoft. Ikiwa siyo, mtu alionyeshwa ujumbe wa hitilafu. Kwenye toleo lililouzwa kipande hicho kilizimwa, lakini hofu ilishaingia kwa wateja. Novell, kampuni iliyoinunua Digital Research mwaka 1991, iliiuza DR DOS kwa kampuni ya Caldera mwaka 1996, na Caldera ikaishtaki Microsoft. Walimalizana nje ya mahakama Januari 2000. Kildall alikwishafariki Julai 1994, akiwa na miaka 52.

Kwa mwenye 286 au 386 nyumbani, naupendekeza kwa moyo wote. Kwa michezo ya miaka ya mwisho ya DOS sina hakika utafurahi. Mmoja kati ya niliyojaribu ulikwama mwanzoni kabisa. Ukipata flopi zake, zinakili siku hiyo hiyo. Mimi zangu nimeshazinakili mara mbili, na seti moja anakaa nayo mjomba.