Pancha: kiraka kipi cha kulipia, na tairi lipi la kutupa

Malalamiko ya pancha yamejaa kwenye simu yangu kupita hata ya bei ya mafuta, na mengi yanafanana. Mtu katoka mjini hapa Unguja anakwenda Paje au Makunduchi, akishaupita msitu wa Jozani tu usukani unaanza kuvuta upande mmoja. Anajikongoja hadi penye kivuli, anampigia fundi wa simu, yaani yule wa pancha anayeitwa kwa simu, fundi anakuja na pikipiki yake, anachomeka kitu, anajaza upepo, analipwa, ahsante. Siku chache baadaye tairi lile lile linapasuka ubavuni, mahali ambapo hapakuwa na msumari wala skrubu. Hapo ndipo naletewa mimi: "Dada, mafundi wa pancha wezi!"

Wapo wezi, nitawafikia. Lakini wengi wenu kiraka hakikuwaponza. Kilichowaponza ni kule kujikongoja.

Gari likitembea juu ya tairi lisilo na upepo, hata mwendo mfupi, ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko. Unapata moto, na nyuzi zilizomo ndani ya mpira zinachoka na kuanza kuachana. Kwa nje huoni kitu. Ukilijaza upepo linasimama vizuri kabisa. Ushahidi uko ndani: unga mweusi wa mpira uliosagika, na mstari wa mkwaruzo uliouzunguka ubavu mzima. Wakati mwengine hata nyuzi zenyewe zimechungulia. Nimewahi kusimama kwenye gereji moja Mwanakwerekwe, fundi kavua tairi la Noah, kaliinamisha, unga ukamwagika sakafuni. Akausukuma pembeni kwa kandambili, akaenda kuchukua gundi. Nikamwambia, fundi, hilo halizibwi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwenyewe kasema lizibwe."

Kwa hiyo mpangilio wangu wa viraka, kuanzia kilicho bora, unafuata swali moja tu: nani ataangalia ndani? Saizi sitaieleza, imeandikwa ubavuni. Upepo wa kujaza nao uko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tuendelee.

Namba moja, na hakuna inayoikaribia, ni kiraka chenye mguu, kile chenye umbo la uyoga. Tairi linavuliwa kwenye ringi, tundu linasafishwa, mpira wa ndani unasuguliwa hadi ushike gundi, mguu unapitishwa kutoka ndani kwenda nje, kinachobaki kinakatwa. Kofia inazuia upepo usitoke, mguu unazuia maji yasiingie. Na hayo maji ndiyo watu wanayasahau. Chini ya meno ya tairi kuna waya za chuma, na sisi tunaendesha kwenye madimbwi ya masika na mchanga wenye chumvi. Tundu likibaki wazi, waya zinakula kutu taratibu huku upepo haupungui hata kidogo. Uzuri mwengine wa kiraka hiki ni kwamba fundi hawezi kukiweka bila kufungua, kwa hiyo ule unga atauona apende asipende. Gharama yake ni kubwa kuliko nyengine, na foleni pia. Lipa.

Namba mbili ni kiraka cha ndani kisicho na mguu, cha gundi au cha kuchomwa. Upepo kinazuia vizuri. Tundu la nje linabaki wazi, na kuhusu kutu nimeshasema.

Namba tatu ni ile kamba ya mpira yenye gundi anayokuja nayo fundi wa simu, anayoisukuma kwa kile chuma chenye mkono. Mimi siipigi vita. Usiku, uko Bwejuu na watoto ndani ya gari, kamba ni rehema. Ila ihesabu kuwa ni nauli ya kukufikisha gereji. Kabla hajatoka kwake, muulize kwenye simu: "Fundi, unakuja na vifaa vya kuvulia tairi kwenye ringi?" Wapo wanaokuja na keri, kile kigari kidogo cha mizigo, yenye kompresa na kila kitu, hao ndio wa kuhifadhi namba zao. Na wewe unapomsubiri, kama upepo bado upo usiung'oe msumari. Ukiung'oa unamwaga mwenyewe upepo uliobaki.

Dawa ya kopo, ile ya povu, ni ya dharura na inamchafulia fundi kazi. Kutia tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ili kuficha tundu la ubavuni, sitaki hata kulijadili.

Kuna pancha nyengine haina msumari kabisa. Magari yanayolala karibu na bahari, ringi za alumini zinaota kutu nyeupe pale tairi linapokalia, na upepo unavuja humo polepole. Fundi akipaka maji ya sabuni ukaona povu linatoka ukingoni mwa ringi, kinachotakiwa ni kusugua ringi. Usikubali kuuziwa tairi kwa ajili hiyo.

Sasa la kutupa. Tundu likizidi milimita 6, au likiwa begani, pale meno yanapokutana na ubavu, au ubavuni kwenyewe, hakuna kiraka. Meno yakifika kwenye vile vijiti vilivyolala ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, hicho ni kipara. Ukikuta unga ndani, basi. Umri nao utazame: tafuta ubavuni maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama huzioni, huenda zimefungwa upande wa ndani, chungulia chini ya gari. Vitabu vya Toyota vinataka tairi lililopita miaka 6 likaguliwe na fundi hata kama halina dalili, na watengenezaji kama Michelin hawataki lipite miaka 10. Spea pia imo. Spea nyingi za magari yetu ya Japani zina umri wa gari lenyewe, na hazijawahi kuliona jua.

La kununua? Mimi ni mtu wa Yokohama na sifichi. Ubavu wake naupenda kwenye barabara zetu za mawe, na kwenye mvua gari linanitii. Bridgestone na Dunlop sitakugombeza. La Kichina jipya, lenye tarehe ya karibuni, nalo sawa kama mfuko hauruhusu, na ni bora mara kumi kuliko mtumba.

Huo mtumba ndio unaonipandisha presha. Unaletewa tairi limepakwa dawa linang'aa, meno yamejaa, "bi mkubwa, mali ya Japani hii!" Ukisoma ubavuni limeandikwa STUDLESS, au jina la Blizzak. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, kwa lami yetu ya mchana linalika upesi na kwenye kona linateleza. Muuzaji anajua. Muombe akuinamishie utazame ndani kwa tochi ya simu, utashangaa ghafla ana wateja wengi. Ndani ndimo mnamofichwa viraka vya mwenye gari wa mwanzo, na ule mkwaruzo. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kifungwe tunategemea matairi ya ng'ambo, na kisiwani yanafika na gharama ya meli juu yake, hilo naelewa. Lakini bei ya kuziba tundu moja inayobadilika kwa kutazama nani kakaa kiti cha nyuma, mwenyeji au mgeni, hiyo meli gani imeileta?

Jambo la mwisho, na wauza mitumba watanichukia. Tairi ulilokataa kuliziba usiliache gereji zima zima. Mwambie fundi alichane ubavu kwa kisu mbele yako. Akisema "niachie tu dada, nitalitupa mwenyewe," mkopeshe kisu.