Busta ya netiweki nyumbani Ntyuka: mita za mraba 500 za kwenye boksi na chumba cha mama mkwe

Nilinunua busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, kwa ajili ya chumba cha mama mkwe. Kipo nyuma kabisa ya nyumba, karibu na jiko, na mama ana presha. Siku mbili mfululizo tulimpigia tukiwa mjini, simu haipatikani, kumbe anayo mkononi. Nyumba yetu ipo Ntyuka, Dodoma, bondeni, na kilima kimekaa kati yetu na mjini. Kuta ni za bloku, juu bati, ndani dari ya jipsamu. Ukitaka kuongea na mtu mpaka utoke uani, usimame kwenye mwarobaini.

Boksi liliandikwa kwamba inafunika mita za mraba 500. Nyumba yangu ni mita 14 kwa 10, yaani 140, nikaona inatosha na kubaki. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii mpaka jirani atafaidi." Akaja fundi wa madishi, akafunga antena ya nje kwenye feshabodi juu ya dirisha la sebule, na ya ndani akaifunga sebuleni, ukuta uleule. Tulipowasha, pale karibu na antena netiweki ikajaa. Nikaanza kutembea kuelekea koridoni na simu mkononi: hatua ya sita, imerudi ilivyokuwa. Chumbani kwa mama hakuna kilichobadilika. Na kwenye busta kulikuwa na kataa kekundu kanawaka na kuzima, fundi akasema kataacha kenyewe. Hakakuacha.

Ilinichukua wiki mbili za kuuliza na kupima mpaka nikaelewa. Ile 500 ni eneo la wazi, lisilo na kuta, tena pale ambapo mawimbi ya nje ni mazuri. Busta haina netiweki yake. Inachukua ile iliyopo kwenye paa na kuikuza kwa kiwango chake. Yangu ni desibeli 65 (desibeli ndiyo kipimo cha ukuzaji huo). Ukiipa hafifu, itakayotoka ndani nayo inafika karibu tu.

Kwa hiyo makadirio yanaanzia juu ya paa. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi yenye herufi dBm. Kwenye iPhone unapiga *3001#12345#*. Namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Usitegemee vile vijiti vya juu ya kioo, kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka. Kijana wangu alipanda ngazi, mimi nikabaki chini na daftari. Tulipima kwa 4G, laini ileile, na kila mahali tulisubiri dakika nzima kabla ya kuandika. Chumbani kwa mama, -119. Kwenye feshabodi fundi alikofunga antena, -108. Kwenye kipeo cha bati, mbele ya nyumba upande unaotazama mjini, -96.

Paa moja, tofauti ya 12! Mahali pa wazi, kila desibeli 6 zinazoongezeka umbali unakuwa mara mbili. Zikiongezeka 12, umbali ni mara nne, na eneo mara kumi na sita. Ila ndani kuna kuta. Niliweka simu upande huu wa ukuta wa bloku na upande wa pili: kwangu ukuta mmoja unakula kama desibeli 9, mlango wa mbao haufiki 3. Kuta mbili zinameza zile 12 zote na kudai nyingine. Tangu hapo nikikadiria nahesabu kuta kwanza, mita baadaye.

Kale kataa kekundu nako kalikuwa na sababu. Antena mbili zikikaribiana, busta inajisikia yenyewe, kama kipaza sauti kikisogezwa mbele ya spika kanisani kinavyopiga mluzi. Ili isivuruge mnara inajipunguza nguvu. Kumbe hata zile 65 nilizolipia sikuwa nazipata.

Nilimwita fundi mwingine. Tukasimamisha bomba la mita 3 pale kwenye kipeo, antena ikaelekezwa mjini, na ya ndani tukaihamishia mwisho wa koridoni, chini ya jipsamu, mbele ya mlango wa mama. Bati, ambalo siku zote lilikuwa linatuzuilia netiweki, sasa likawa kinga kati ya antena mbili. Taa ikawa kijani. Chumbani kwa mama tukasoma -101, vyumba vya watoto -98, jikoni -112 kwa sababu katikati kuna stoo na kuta zake mbili. Nikapima kwa futi kamba sehemu zote ambazo simu inaongea bila kukatika: kama mita za mraba 90.

Kabla ya kulipa, ulizia pia masafa. Yangu inakuza megahezi 900, 1800 na 2100. Laini ya baba watoto inakamata 4G kwenye 800, kwa hiyo busta haimsaidii kitu mpaka simu yake ishuke 3G. Na ulizia kama aina hiyo imethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maana kifaa hiki kinarusha mawimbi kurudi mnarani na kibovu kinaharibia mtaa mzima. Intaneti ya saa mbili usiku, mnara ukielemewa, bado ni ya kusuasua. Hilo busta hailiwezi.

Mama sasa anapokea simu akiwa kitandani, na dozi ya jioni tunamkumbusha kwa simu. Jikoni nitajaribu kuongeza antena ya pili ya ndani. Najua kigawanyio, kinachogawa mawimbi kwa antena mbili, kitapunguza nguvu ya hii ya kwanza kwa desibeli 3 hivi, na chumbani kwa mama -104 bado inaongea.