Castlevania za mkononi: ipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua Castlevania Dominus Collection, mkusanyiko wa gemu za mfululizo wa Castlevania, na ukishaifungua anza na Dawn of Sorrow. Nalisema mapema kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza wamekwisha kusoma alama za wahakiki na wamebaki njia panda. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki kwa kipimo cha 100, Aria of Sorrow ya 2003 ina 91. Mwendelezo wake, Dawn of Sorrow ya 2005, una 89. Portrait of Ruin (2006) na Order of Ecclesia (2008) zina 85 kila moja. Alama hizo ni za haki, ila zilitolewa kwa mashine za wakati ule, na baadhi ya kasoro zilizozipunguzia maksi leo hazipo kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kutazama namba, soma walilalamikia nini.

Dawn ndiyo mfano mzuri zaidi. Ilitoka kwenye Nintendo DS, mashine ya mkononi yenye vioo viwili, na watengenezaji wake, Konami, walitaka kioo cha mguso kitumike kwa namna yoyote. Wakaleta mihuri ya uchawi: unapigana na bosi, yaani adui mkubwa, mpaka damu yake inaisha, halafu ghafla unatakiwa kuchora alama kwenye kioo cha chini kwa mpangilio uleule uliofundishwa, na muda ni mfupi. Ukikosea, bosi anarudishiwa sehemu ya uhai na pambano linaendelea. Fikiria unafanya hivyo ndani ya daladala ya Igoma, mkono mmoja umeshika bomba. Wahakiki karibu wote waliisifu gemu na kuulaumu muhuri, na walikuwa sahihi. Ndani ya Dominus Collection muhuri unaweza kuufunga kwa vitufe vya kawaida. Kero kubwa ya gemu nzima imeondoka, na kwangu mimi hilo linaipandisha Dawn juu ya alama yake ya mwaka 2005.

Lawama ya pili imebaki. Aria ilichorwa na Ayami Kojima, ambaye michoro yake ina nyuso nyeupe, vivuli vizito na mavazi yenye fahari. Dawn ikaachana naye na kuchukua sura za katuni za Kijapani ili kuvuta watoto. Hapo naungana na wahakiki moja kwa moja: hadithi ya Soma Cruz, kijana anayewindwa na dhehebu linalotaka kumpata mfalme mpya wa giza, ilistahili picha nzito kuliko zile. Lakini ukishaanza kutembea ndani ya ngome, utavutwa na mambo mengine. Adui ukimuua anaweza kukuachia roho yake, na roho hiyo inakuwa silaha yako, mbawa zako au nguvu ya mwili wako. Roho ziko zaidi ya mia moja. Nyingine unampelekea Yoko, mhusika anayekusaidia, aziyeyushie kwenye upanga, na hapo unajiuliza kweli: niitumie roho hii au niitoe sadaka kwa silaha bora? Ramani nayo iko mbele ya macho muda wote, jambo ambalo wahakiki walilipenda tangu mwanzo. Ukimaliza, kuna namna nyingine ya kucheza ukiwa na Julius Belmont, na usiiache.

Ndani ya mkusanyiko huohuo unapata Portrait of Ruin, yenye wahusika wawili unaobadilishana nao wakati wowote, Jonathan na Charlotte, mwaka 1944 vita vikiwa vinaendelea. Inafurahisha, ila nusu ya pili inarudia maeneo ya mwanzo, na waliolalamika hawakumwonea mtu. Order of Ecclesia ni ngumu. Kaa mkubwa wa kwenye mnara wa taa atakurudisha nyuma mara nyingi. Wapo walioipunguzia alama kwa ugumu huo, na mimi ndiyo naipenda kuliko Portrait, kwa sababu Shanoa, unayemchezea, ni mhusika mwenye uzito na kila bosi anakulazimisha kujifunza. Pia kuna Haunted Castle iliyotengenezwa upya. Mkusanyiko ulitoka Agosti 2024 kwa dola 24.99, na hushuka wakati wa punguzo. Unacheza kwenye Switch, PS5, Xbox Series au kompyuta. Si gemu nzito, kwa hiyo laptopu nzuri ya mtumba na pedi ya kuchezea vinaweza kutosha.

Namba mbili ni Castlevania Advance Collection ya 2021, dola 19.99. Hapa ndipo ilipo Aria, na kama mfuko unaruhusu mikusanyiko yote miwili, hii ndiyo ianze, maana Dawn inafichua siri ya Aria ndani ya dakika chache. Circle of the Moon nayo imefaidika na miaka: mwaka 2001 watu waliisifu huku wakilalamika kwamba kioo cha Game Boy Advance, mashine ya mkononi iliyotangulia DS, hakina taa na gemu yenyewe ni giza tupu. Kwenye kioo cha leo unaona kila kitu. Harmony of Dissonance muziki wake ulikosolewa, na bado unakera masikio.

Namba tatu ni Nintendo DS Lite ya mtumba pamoja na kadi ya gemu. Ni kwa anayetaka kukishika kitu chenyewe, akacheze melini akielekea Nansio. Betri inakaa saa nyingi, na sehemu ya chini inapokea pia kadi za Game Boy Advance. Kadi hazichagui nchi, kwa hiyo hata ya Japani itawaka, ila maandishi yatakuwa ya Kijapani. Ukiipata kwa wauza vitu vilivyotumika pale Makoroboi au kwa mtu aliyetoka nje, usilipe kabla ya kukagua bawaba, kwa kuwa hupasuka upande wa kulia, na kioo cha chini, kwa kuwa bila mguso Dawn haimaliziki: mihuri ileile inakusubiri. Chaja ya Marekani au Japani isome kwanza. Nyingi zimeandikwa volti 120 au 100, na umeme wetu ni 230. Tafuta waya wa USB. Kadi za Game Boy Advance za bandia ni nyingi mno. Halisi huwa na namba ndogo iliyobonyezwa kwenye stika, na skrubu ya nyuma ina mikato mitatu kama herufi Y. Ya bandia inaweza kukupotezea ulichohifadhi baada ya wiki kadhaa za kucheza.

Mwenye simu tu achukue Symphony of the Night, iliyoingia kwenye Android na iPhone mwaka 2020 kwa dola 2.99. Ni ya 1997, na hizi zote zimezaliwa kwake. Tumia pedi ya Bluetooth, maana vitufe vya kwenye kioo vinachosha vidole.

Mirror of Fate ya 3DS, mashine iliyofuata DS, yenye alama 72, iache. Ina picha nzuri na mapigano yasiyo na ladha, na gemu za 3DS hufungiwa eneo: kadi ya Marekani haiwaki kwenye mashine ya Ulaya.