TAHADHARI ARUSHA: Anayeuza laptopu za "Studio OS" kwa wanamuziki na kwaya

Wana Arusha, hasa nyie wenye studio za chumbani, makwaya na madogo mnaoanza kutengeneza biti: kuna jamaa anazunguka mjini akiuza laptopu anazoziita "mashine kamili za studio". Hana duka. Anatangaza kwenye stetasi na magrupu ya WhatsApp, mnakutana maeneo ya Stendi Ndogo au kwenye mgahawa wowote wenye soketi, anafungua mashine, anapiga biti moja nzito, mnamalizana kwa pesa ya simu. Laini anabadilisha. Jina sitaji, kwa sababu kila mteja amepewa la kwake na mimi si mahakama. Nataja mbinu, maana hizo habadilishi.

Mimi ni fundi kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mashine za studio. Hizi zake zinaishia mezani kwangu, na wanaozileta wanakuja wakiwa wameshalipa mara mbili.

Mbinu yake kubwa ni hiyo "Studio OS". Laptopu anaiuza bei ya kawaida ya mtumba, halafu anaongeza laki mbili "ya mfumo". Anakwambia mfumo umetoka Marekani, umeundwa kwa ajili ya sauti tu, haushiki virusi na hauhitaji kuguswa tena. Ukiwasha unakuta picha ya Mlima Meru na maandishi makubwa. Mtu akiona hivyo anaamini, kwa kweli inapendeza. Sasa fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, andika lsb_release -a, bonyeza enta. Mashine inajibu yenyewe: Ubuntu. Ukitazama programu zilizomo, unakuta ni toleo lake la muziki, Ubuntu Studio.

Tuelewane hapa. Ubuntu Studio si kitu kibaya. Ni mfumo wa familia ya Linux, siyo Windows wala Mac. Ipo tangu 2007, inakuja na Ardour ya kurekodia na rundo la programu nyingine za sauti, imepangwa ili sauti isicheleweshwe, na mtu yeyote anaipakua bure kwenye tovuti yao. Leseni zake hazikatazi fundi kulipwa kwa kuiweka. Akikutoza elfu thelathini ya kazi na bando, halali yake. Ila kukuuzia laki mbili huku ameficha jina la mfumo na kudai ni mali yake, huo ni wizi wa mchana.

Na kuna kamba ya pili ndani ya hiyo. Vijana wengi ninaowajua hapa mjini wanatengenezea biti kwa programu ya FL Studio. FL inatolewa kwa Windows na Mac. Toleo la Linux halipo. Jamaa analijua hilo vizuri. Unafika nyumbani Ngarenaro au Sakina, unajaribu kuweka FL, inagoma. Unampigia, anakwambia kwa upole, "Kaka, hiyo ya kwako inahitaji mfumo wa daraja la juu," na hapo unatoa hela nyingine. Ukitaka kumkwepa uende kwa fundi mwingine, unagundua nywila ya msimamizi wa mashine anayo yeye. Huwezi kuweka programu wala kufuta kitu bila yeye. Mashine ni yako, funguo ziko kwake.

Mwenyekiti wa kwaya moja ya huku Moshono aliniletea ya kwao imefungwa kwenye khanga. "Fundi, hii tumeambiwa ni ya Marekani, isiunganishwe na printa." Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana walikuwa wameichangia kwa harambee ya kanisani. Nikamwambia, "Mama, acha kwanza niikague." Ndani nikakuta AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, iliyowekewa nywila ya kudumu, yaani mtu anaingia kutoka popote bila kwaya kubonyeza "kubali". AnyDesk yenyewe ni programu halali, mafundi tunaitumia kila siku. Kuiacha kwenye mashine ya mtu bila kumwambia ndiyo kosa. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini yake kumekatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama aliyeingia ndiye aliyeiuza.

Wanaotaka Windows nao ana yao. Nyingi ni laptopu za ofisi zilizotumika Ulaya, zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita. Anaziwekea Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, kwa sababu Microsoft rasmi inaanzia kizazi cha nane kwa Intel na inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Itawaka, itafanya kazi, lakini ile sasisho kubwa ya kila mwaka haitakuja yenyewe. Windows 10 nayo, kipindi chake cha kawaida cha kupewa marekebisho ya usalama kiliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo akikwambia "hii ya kumi ndiyo imara zaidi kwa muziki", muulize imara mpaka lini.

Kinachonikera zaidi ni hiki: laptopu za ofisi za aina hiyo mara nyingi zina leseni halali ya Windows imelala kwenye ubao mama. Ukichukua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe na kuiweka upya kwa toleo linalolingana, inajitambua bila hela hata mia. Yeye anaweka Windows ya kreki, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, juu ya leseni nzima, anazima antivairasi ili kreki isikamatwe, kisha anakutoza "leseni". Kujua ni rahisi: andika slmgr /xpr kwenye dirisha la amri. Ikikujibu kwamba uhalali utaisha tarehe fulani, tena ndani ya siku 180, hiyo ni leseni ya mtindo wa ofisi kubwa, na kwa mashine uliyonunua barabarani maana yake karibu kila mara ni kreki.

Usiamini pia kile Windows inachoandika kuhusu prosesa. Jina hilo linabadilishwa kwa maandishi tu, na hati ndogo inayojiendesha mashine ikiwaka inalirudisha kila siku. Nimekuta "Core i7" ambayo ni i5-6300U, yenye kori mbili, siyo nne kama alivyoapa. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F10 kwa HP au F2 kwa Dell, usome BIOS, ule ukurasa wa mashine yenyewe unaokuja kabla ya Windows. Akikataa usiingie humo, nyanyuka uende zako.

Kwa Mac maneno ni machache. Ukigeuza ukakuta chini pameandikwa A1278, hiyo ni familia ya 2008 hadi 2012, hata ikionyesha Sonoma, toleo la mfumo wa Mac jipya kuliko mashine hiyo, kwenye skrini. Kwa njia rasmi ile ya 2012 iliishia toleo la zamani, Catalina. Kilichoifikisha Sonoma ni OpenCore Legacy Patcher, programu ya kulazimisha Mac ya zamani ikubali mfumo mpya, nayo ni ya bure, na kuna watu wanaitumia wakijua wanachofanya. Wewe unauziwa kama Mac ya juzi. Nyingine inakuja na kufuli la kampuni au shule ya nje: unafuta diski, ukiwasha upya na kuunganisha intaneti inakutajia mwenye mali. Kabla ya kulipa, dai ifutwe na iwashwe mbele yako ikiwa na intaneti. Dakika arobaini za kusubiri, agiza chai.

Sasa lile onyesho lake la biti nzito. Hapo ndipo anapowashika wengi, na hata watu wazoefu wanapita bila kuona. Kucheza biti iliyokamilika hakuonyeshi chochote kuhusu mashine. Anaweka bafa (kipande cha sauti ambacho programu inakikusanya kabla ya kukitoa) ya sampuli 2,048, prosesa inapata muda mrefu wa kuhema, sauti inatoka safi kabisa. Tatizo linaanza mwimbaji akivaa hedifoni. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 peke yake ni milisekunde 23 hivi, na sauti inapita njia ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo zidisha mara mbili. Mwimbaji anajisikia nyuma ya mdundo, anaanza kuvuta, prodyuza anamlaumu kwamba hana mapigo. Bafa ya 128 kwa 48,000 ni kama milisekunde 2.7. Hapo ndipo mashine inapopimwa.

Kwa hiyo nenda na saundikadi yako, maiki yako, na projekti yako nzito kwenye flashi. Weka bafa 128, imba ukijisikiliza kupitia programu, sikiliza kama kuna mikwaruzo. Kisha, kama ni Windows, endesha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, ni ya bure, iache robo saa na Wi-Fi ikiwa imewashwa. Ikikuletea nyekundu, kuna draiva inaiba muda. Mara nyingine ni Wi-Fi tu na inarekebishika, mara nyingine mashine yenyewe haifai kwa kurekodi. Hiyo "draiva maalumu ya studio" anayouza elfu hamsini ni ASIO4ALL, ipo bure, na kama saundikadi yako imekuja na draiva yake ya ASIO, yaani ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti kwenye Windows, huihitaji kabisa.

Mnaniuliza sana mchukue mfumo gani. Kama unafanya FL na hela ni ya mawazo, chukua laptopu ya Windows ya kizazi cha nane kwenda juu, RAM 16, SSD, dukani, na risiti ya EFD. FL yenyewe ianze kwa toleo lao la majaribio: inahifadhi projekti na kutoa wimbo, ila projekti uliyohifadhi huifungui tena mpaka ununue. Ukinunua, masasisho ni ya maisha. Reaper, programu nyingine ya kurekodia, inakupa siku 60 za kujaribu kila kitu na inaendeshwa Windows, Mac na Linux. Logic, ya kurekodia pia, ni ya vifaa vya Apple pekee. Kwa kwaya inayorekodi sauti na kinanda tu, Ubuntu Studio na Ardour inatosha kabisa, na hilo nalisema nikijua limemsaidia jamaa kuuza. Haijalishi.

Ambao mmeshanunua kwake: toeni mashine kwenye intaneti leo. Nakilini projekti, sauti na sampuli zenu kwenye diski ya nje. Msinakili programu wala mafaili ya kusakinishia aliyowawekea. Badilisheni nywila za barua pepe na za akaunti mnazouzia nyimbo, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, siyo hiyo. Kisha (anayetaka kufungua kesi apite polisi kwanza) diski ifutwe yote na mfumo uwekwe upya kutoka chanzo chake, na nywila ya msimamizi mwandike wenyewe, fundi akiwa ametazama pembeni. Meseji zake msizifute hata zikiwaudhi. Chukueni taarifa ya muamala kutoka kwa mtandao wenu wa pesa, kwa sababu jina lililosajiliwa kwenye laini linaonekana humo, mwende nayo kituo cha polisi pamoja na laptopu kabla haijafutwa kama mnataka kufungua kesi. Wale wa kwaya ya Moshono tayari wamekwenda. Mkipeleka malalamiko yenu kwenye kituo hicho hicho, itakuwa vigumu kwake kusema ni kutoelewana na mteja mmoja.